Umekuja na Nani?

Isome hadi mstari wa mwisho kabla hujamtumia mwenzako.

Katika mji mmoja mdogo wa mashamba ya mkonge aliishi mjane aitwaye Bi Chausiku, fundi cherehani. Wanawake walizoea kukaa barazani kwake wakisubiri nguo, wakazungumza mpaka jua linapinda. Kila habari ya mji ilianzia pale, naye alilipenda jambo hilo kuliko ushonaji wenyewe.

Kisha katika nyumba ya ng'ambo ya njia akahamia Bi Mwanamvua. Huyu alikuwa amepata mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Aliyepigwa, aliyeibiwa, mjane aliyefukuzwa, mtoto aliyefanyiwa ubaya, wote aliwapokea, akawaeleza haki zao, akawasindikiza polisi au hospitali. Hakudai chochote.

Bi Chausiku aliyaona yote kutoka kwenye cherehani. Aliwaona wanawake wale wale wa barazani kwake wakipita vichwa chini, wakivuka njia, mlango ukifungwa nyuma yao. Hapo mguu wake ulisimama juu ya pedeli na moyo ukamchoma. Wanamwambia nini huko ndani ambacho miaka yote hii hawakuniambia mimi?

Hata namna walivyotoka ilimuudhi. Bi Mwanamvua hakutangulia kamwe. Alimwacha mgeni wake atembee mbele, yeye akafuata nyuma kidogo.

"Mbona unawafuata kama mpagazi?" Bi Chausiku alimwuliza siku moja, akijifanya anatania.

"Nikitangulia mimi, watu watadhani nimemkamata."

Jibu lilikuwa zuri, na hilo nalo likamkera.

Asubuhi moja alikuja Mwajabu, binti aliyefanya kazi za ndani nyumbani kwa mwenye mashine ya kusaga. Alileta gauni la bosi wake litiwe zipu. Mkono mmoja alikuwa ameuficha ndani ya khanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Eti yule mama wa ng'ambo, anatunza siri?"

Khanga ilikuwa imeteleza kidogo. Bi Chausiku akauona mkono umevimba. Angeweza kuuliza. Lakini alichokisikia yeye ni kwamba hata mtoto huyu anamtaka yule.

"Siri?" akasema bila kuinua uso. "Utakachomwambia asubuhi, jioni utakikuta sokoni kinauzwa kwa mafungu."

Binti akasimama kidogo kama aliyesahau alichotumwa, kisha akarudi alikotoka.

Baada ya kulisema neno hilo, Bi Chausiku alitaka liwe kweli. Akawaza: nitampelekea uongo wangu mwenyewe, halafu nikae nisubiri. Ukinirudia kutoka vinywani mwa watu, mji mzima utamjua ni mtu wa namna gani.

Kesho yake akavuka njia. Mlango ukafungwa. Bi Mwanamvua akamwuliza kama amekula, akamtilia chai, akakaa karibu naye.

"Nimeingiliwa na mwizi," Bi Chausiku akaanza. "Asubuhi hii hii. Amenisukuma nikaanguka."

"Pole, dada. Uliangukia wapi?"

Hakuwa ametunga mpaka hapo. Akalishika la kwanza lililomjia.

"Kwenye kinu. Kilikuwa mlangoni, wameshakitoa nje pamoja na kitanda."

"Wamekitoa? Si umesema mwizi alikuwa mmoja?"

Bi Chausiku akafungua mdomo aurekebishe uongo wake. Kilichotoka hakikuwa tena habari ya mwizi.

"Shemeji zangu," akasema. "Hata arobaini ya mume wangu ilikuwa haijafika."

Katika mji ule hakuwahi kumwambia mtu. Sasa yalitoka bila kuitwa: vyombo uani, watoto wakilia, mkono wa shemeji kifuani mwake, kinu.

"Nilikwenda kituoni na damu kichwani. Askari akaniuliza, umekuja na nani? Nikamwambia nimekuja peke yangu. Akasema rudi na mtu mzima wa ukoo." Akaitazama chai. "Mtu mzima wa ukoo ndiye aliyenisukuma."

Bi Mwanamvua alichukua kikombe kilichopoa, akamwaga, akamtilia chai nyingine.

Bi Chausiku alirudi nyumbani akiwa na hofu. Alikwenda kutega, na sasa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mtegoni. Kila mteja aliyepanda barazani alimtazama usoni kwanza, kuona kama anajua. Wiki zikapita. Hatimaye akaja Mama Kibwana, ambaye hakuna neno lililowahi kulala kinywani mwake, apunguziwe mikono ya blauzi.

"Hujasikia kitu chochote kunihusu?" Bi Chausiku akamwuliza.

"Nisikie nini? Kwani umeposwa?"

Siku hiyo alivuka njia tena, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Ulijua kwamba nilikuja kukutega?"

"Nilijua. Aliyevamiwa na mwizi asubuhi haji na futi yake ya kupimia nguo shingoni na pini zimepangwa kifuani."

"Mbona ulinisikiliza?"

"Wengi huanza na uongo, dada. Wanaujaribu mlango kwanza. Ukiwafukuza kwa uongo, hawarudi na ukweli."

Ndipo Bi Chausiku alipomkumbuka Mwajabu. Yule hakuja na uongo. Alikuja na swali moja tu, akajibiwa na wivu.

Alimkuta bombani akijaza ndoo kwa mkono mmoja, ule mwingine bado umevimba.

"Nilichokwambia juu ya yule mama nilikitunga," akamwambia. "Nilimwonea wivu. Hata sasa haujaniisha wote. Lakini nimempa siri yangu kubwa kuliko zote, na bado anayo."

Mwajabu akaufunga mfereji. "Huko polisi bosi aliyeniumiza anafahamika, bibi. Mimi nitafahamika na nani?"

"Twende kwanza kwa Bi Mwanamvua. Tutakwenda wote."

Wakatoka kwake watatu kwenda polisi, wakipita katikati ya mji. Mwajabu mbele, wanawake wawili nyuma kidogo. Walipokaribia mashine ya kusaga binti akapunguza mwendo, akageuka. Wapo. Akaendelea. Karibu na kituo akageuka tena. Wapo.

Kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kulikuwa na askari wa kike. Aliutazama ule mkono, akavuta kiti, akamkalisha binti. Kisha akauliza kwa upole:

"Umekuja na nani, mwanangu?"

Bi Mwanamvua alikuwa amezoea kulijibu swali hilo. Akafungua mdomo, akamtazama mwenzake, akanyamaza.

"Amekuja na mimi," akasema Bi Chausiku.

Funzo: Aliyeumizwa akikuuliza aende wapi, ameiweka njia yake yote mikononi mwako. Mwonyeshe mlango wa msaada hata kama si wako, na ukiweza, nenda naye.