Wasia wa Mtu Aliyeishi kwa Kidogo

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii ina fundo, na fundo lenyewe halijafunguliwa mpaka leo. Sikilizeni taratibu, maana mwishoni mtaulizwa.

Katika kijiji cha Kwemhanda, juu milimani, walikuwako watu wanne, na kila mmoja Mungu alimpa kipaji chake.

Fundi Mbwana, mshona nguo, alipewa mkono. Akitia kiraka, hata mwenye nguo alikitafuta kwa vidole asikione.

Bi Chausiku, muuza ndizi, alipewa ulimi. Lile ambalo wengine hulisema mtu akishapita, yeye alilisema mtu akiwa amesimama mbele yake.

Hoza, mchukuzi wa magunia, alipewa kinywa cha kufunga. Neno likiingia kwake limezikwa, na kaburi lake halina alama.

Wa nne alikuwa Bi Sauda, na kipaji chake watu hawakukiita kipaji. Yeye alipewa shaka. Ukimpa papai aliligeuza mara mbili kabla ya kushukuru. Ukimwambia hujambo, alijiuliza umesikia nini hata ukataka kujua hali yake.

Bi Sauda alikuwa mke wa Mzee Shekalaghe, mwenye mashamba matatu ya iliki. Siku zile iliki ilikuwa na bei. Mtu wa shamba moja alijenga nyumba ya tofali na kununua pikipiki. Shekalaghe alikuwa nayo matatu, na alikaa katika nyumba ya udongo, vyumba viwili, bati limeshika kutu. Alikuwa na kanzu mbili, moja kambani na moja mwilini. Alikula ugali kwa mchicha, na nyama Idi mpaka Idi. Kwenda mnadani alitembea kwa miguu, na magari yaliyobeba iliki yake yalimpita yakamtimulia vumbi.

Kijiji kilimtilia shaka. Maskini haulizwi kwa nini hali vizuri, lakini tajiri asiyekula mali yake huulizwa anamwekea nani. Wengine walinong'ona kwamba ni chuma ulete, mchawi wa kuvuta fedha za watu, na wenye maduka waliitenga noti yake, isije ikaondoka na wenzake. Wengine walisema ana jini, na jini huyo amempa mwiko wa nyama.

Bi Sauda hakuamini jini. Aliamini mwanamke. Kila Ijumaa, baada ya sala, mumewe alitoweka mpaka jua likaribie kuzama. Akirudi, Bi Sauda aliipokea ile kanzu, akajifanya anaikunja, akainusa. Alitafuta udi, alitafuta marashi. Alichokuta ni harufu ya majani mabichi na tope. Basi akakata shauri kwamba huyo mwanamke anakaa mtoni.

Alipomwuliza, Shekalaghe alimjibu, "Ngoja, mke wangu. Jambo halijaisha."

Mwenye shaka akiambiwa angoje, hungoja huku akihesabu Ijumaa. Walikuwa wamezika watoto wawili wachanga, na hawakupata mwingine. Bi Sauda alijua wanaume wa hali hiyo hutafuta wapi mtoto. Alihesabu Ijumaa za miaka kumi na sita.

Kisha Shekalaghe akashikwa na homa, na siku ya tatu Mungu akachukua amana yake.

Matanga yalipoanuliwa, Mwalimu Shechambo wa madrasa alileta daftari la marehemu na kusoma wasia. Ulikuwa mfupi, nao ulisema hivi: Shamba la iliki la Mbokoi apewe yule aliyenisaidia kuishi kwa kidogo mpaka jambo likaisha. Sauda atamjua.

Bi Sauda hakumjua. Moyo ulimwambia kuwa ni yule wa mtoni, na kwamba mumewe, hata akiwa kaburini, anamtaka amfungulie mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Mwalimu alimweleza taratibu. Shamba lile halizidi theluthi ya mali, kwa hiyo wasia ni halali. Amtaje mtu kabla siku ya kutoka eda haijapita. Akinyamaza, shamba litarudi kwenye mirathi na neno la mumewe litakuwa limekufa pamoja naye. Akikosea, atakuwa amempa mtu haki ya mwingine, na marehemu hana tena mdomo wa kusahihisha.

"Huu ni mzigo wake, Mwalimu," alisema Bi Sauda, "lakini kaniachia mimi kichwa cha kuubebea."

Habari zikaenea. Wakaja watu kumi na mmoja, kila mmoja akidai kwamba ndiye. Bi Sauda alikaa ndani, eda yake imemfunga, pazia la mlango limeshushwa. Wanaume walikaa barazani pamoja na Mwalimu, na yeye aliwasikia kwa sauti tu. Kila mmoja, Bi Sauda alimwuliza swali moja: ulimzuia asitumie nini? Wanane walisema walimwombea dua, au walimpa nasaha, au walimpenda sana marehemu. Aliwashukuru, wakaenda zao. Wakabaki watatu.

Wa kwanza kusema alikuwa Fundi Mbwana. Alisimulia kwamba mwaka mmoja Shekalaghe alialikwa Tanga kwenye arusi ya wafanyabiashara wenzake. Aliona haya. Alikuja kwa Fundi na vitambaa vya kanzu tano, na cha suti juu yake. Fundi alivirudisha. Aliichukua ile kanzu kuukuu, akaifumua kola, akaigeuza ndani nje, akaisogeza mishono, akaziba matundu. Shekalaghe alikwenda arusini na kurudi, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Tangu siku ile hakutamani tena nguo, na kila kanzu ilipochoka ilirudi kwa Fundi.

Nyuma ya pazia, Bi Sauda alisikiliza pumzi za Fundi.

"Fundi gani anayefukuza mteja?" aliuliza. "Au ulichoka? Au hukutaka akupite kwa mavazi siku ya Idi?"

Fundi alijibu, "Shemeji, nilikuwa na kazi nyingi, huo ni ukweli. Lakini nilijua jambo moja. Nguo mpya haipendi kuketi kwenye mkeka. Ingedai kiti, kiti kingedai sebule, na sebule ingedai wageni."

Wa pili kusema alikuwa Bi Chausiku. Yeye, kwa kuwa ni mwanamke, aliingia ndani na kukaa kitandani bila kukaribishwa. Alisimulia habari ya mwaka ule bei ya iliki ilipopanda kupita kiasi. Shekalaghe alichimba msingi wa ghorofa. Bi Sauda aliukumbuka msingi ule vizuri, maana alikuwa amekwisha chagua chumba chake, chenye dirisha la kutazama bonde. Bi Chausiku alipita na chane zake za ndizi kichwani, akasimama mbele ya mafundi wote, akasema, "Shekalaghe, mko wawili. Vyumba kumi na viwili unawajengea popo?"

Mafundi walicheka. Shekalaghe naye alicheka, kisha akaacha kucheka. Kesho yake aliamuru shimo lifukiwe, akapanda magimbi.

"Magimbi yale nimeyala," alisema Bi Sauda, "na kila nikiyala nilikutukana. Sasa niambie, Chausiku. Ulisema vile kwa nasaha au kwa wivu?"

"Mwenzangu, kwa vyote viwili. Ningeishije karibu na ghorofa lako na kibanda changu kile? Wivu ndio ulionifumbua macho, ulimi ukamaliza kazi. Lakini lile shimo, kama si mimi, lingekuwa nyumba. Bisha."

Bi Sauda hakubisha.

Wa tatu alikuwa Hoza. Alikaa barazani muda mrefu bila kusema, hata Mwalimu akamkumbusha kwamba mwenye wasia amekwisha kufa na siri sasa ina ruhusa. Hoza alipitisha chini ya pazia kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kamba ya mkonge.

"Hakuna mwanamke, shemeji," alisema. "Kuna msitu."

Ndani ya kopo mlikuwa na karatasi za ardhi kumi na tisa. Hoza alizieleza kwa maneno machache. Wenye mlima ulio juu ya kijiji walikuwa wakiuuza kipande kipande kwa wapasua mbao na wachoma mkaa. Shekalaghe aliona kwamba mlima ukinyolewa, chemchemi itakufa. Basi kila msimu alinunua kipande kimoja na kukiacha kama Mungu alivyokiumba, na pale palipokatwa alipanda mikuyu kwa mikono yake, kila Ijumaa. Mnunuzi aliyeonekana alikuwa Hoza. Kipande cha mwisho, chenye jicho la maji lenyewe, kilipatikana mwaka juzi. Kisha, siku chache tu kabla ya homa ile, vyote viliwekwa wakfu kwa ajili ya maji, visiuzwe na yeyote wala visirithiwe. Mwaka jana, mito ya vijiji vya jirani ilipokauka, watu walikuja Kwemhanda na madumu kutoka mbali. Kijiji kilisema ni baraka. Hakuna aliyeuliza zimetoka wapi.

Wapasua mbao walijaribu kumhonga Hoza aseme ni nani anayemtuma kununua. Hakusema. Walimpiga, akapoteza meno mawili, na hakusema. Angesema, bei ya mlima ingepanda siku ile ile. Na Shekalaghe angesifiwa, angekalishwa mbele kwenye kila sherehe, angeitwa mfadhili. Mtu anayeitwa mfadhili hawezi tena kula mchicha kwa amani.

Nyuma ya pazia karatasi zilisikika zikigeuzwa moja moja, mara mbili. Watu wa barazani walidhani Bi Sauda analia kwa furaha.

"Hoza," alisema hatimaye. "Ulikuwa ukiniona kisimani kila asubuhi. Ulijua ninavyoteketea. Neno moja tu, ningelala usingizi miaka kumi na sita. Ulininyima kwa nini?"

"Ningekwambia wewe, shemeji, ungemwambia Bi Chausiku."

"Na mimi ningewaambia wote," alisema Bi Chausiku kutoka kitandani. "Hapo hajakosea."

Kisha Bi Chausiku akatoka kwenda barazani, na wale watatu wakaanza kushindana. Bi Chausiku alisema kanzu tano hazinunui mlima, bali ghorofa ndilo lingeumeza. Fundi alijibu kwamba ghorofa hujengwa na mtu aliyekwisha vimba, na uvimbe huanzia kwenye nguo. Wote wawili walimwambia Hoza kwamba yeye hakumzuia mwenye mali kutumia chochote, alinyamaza tu, na kunyamaza hata jiwe linaweza. Hoza alifungua kinywa, akawaonyesha pengo la meno mawili, akakifunga. Mwalimu aliwatuma nyumbani.

Siku zikapita, Bi Sauda akiwapima. Fundi alikataa kazi kwa sababu alikuwa na kazi nyingine. Chausiku alisema kweli kwa wivu. Hoza alitunza siri ya mwanamume kwa machozi ya mwanamke. Kila alipomshika mmoja, alikuta doa. Na kila alipomwondoa mmoja, mlima uliporomoka.

Siku moja, eda ikikaribia kwisha, alifungua sanduku lake kutafuta ubani, mkono ukagusa kijaluba kitupu. Akakumbuka.

Ilikuwa mwaka juzi, baada ya Ramadhani. Shekalaghe alirudi kutoka Korogwe na bangili ya dhahabu ndani ya kijaluba kile. Hakuwa amemletea kitu kama hicho tangu arusi yao. Alisema, "Umevumilia sana, Sauda." Naye Bi Sauda aliitazama bangili, akaigeuza mara mbili, akaona wazi kwamba ni ya kumziba macho. Akaitupa mkekani.

"Mpelekee huyo unayemfuata Ijumaa," alimwambia. "Mimi sihongwi."

 Shekalaghe aliiokota, akairudisha dukani, kijaluba kikabaki. Na mwezi ule ule, karatasi ya kumi na tisa iliandikwa.

Bi Sauda alikaa chini. Akawaza miaka yote ile. Hakuwahi kuomba kitenge, maana alihofia angepewa kilichobaki kwa mwenzake. Hakuwahi kudai nyama, maana hakutaka aonekane anashindana. Alikula mchicha kwa hasira miaka kumi na sita, na hasira ile ilikuwa nafuu kwa mfuko wa mumewe kuliko subira ya mke mwingine yeyote. Sauda atamjua, wasia ulisema.

Alimwita Mwalimu, naye akaja akakaa nje ya pazia.

"Mwalimu, mrithi anaweza kuusiwa?"

"Hausiwi, mpaka warithi wenzake waridhie. Lakini mrithi mwenzako ni shemeji yako mmoja tu, na amekwisha tuma salamu kwamba lolote utakalosema amekubali. Kwa nini unauliza?"

 Bi Sauda aliuliza swali lingine.

"Mtu akimsaidia mwenzake bila kukusudia, tena akiwa anamdhania ubaya, huhesabiwa kwamba alisaidia?"

 Mwalimu Shechambo alisema matendo hulipwa kwa nia, hilo analijua. Lakini maji ya chemchemi, alisema, hayamwulizi mtu nia yake, yanatoka tu. Akaaga, akaenda kuadhini alasiri.

Siku ya eda kwisha, Bi Sauda alioga, akavaa nguo safi, akafukiza ubani kidogo. Barazani Fundi Mbwana alikaa na sindano yake kifuani. Bi Chausiku alikaa, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuwa na neno. Hoza alikaa mbali kidogo, macho yake mlimani. Mwalimu alishika daftari. Bi Sauda alimwomba Mungu amwondolee shaka saa moja tu, kisha akanyoosha mkono akashika pazia.

Nasimulia mpaka hapo, na zaidi ya hapo sisemi.

Mkono uliogeuza kanzu, ulimi uliofukia msingi, kinywa kilichopoteza meno mawili kisifunguke, na mke aliyeitupa bangili kwa kumshuku mtu mwema. Ungemwondoa mmoja wao, leo mngekuwa mnakunywa maji ya wapi?

Pazia liko mkononi mwako sasa. Je, shamba la Mbokoi ungempa nani?