Talaka ya Mzee Makame

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hii sirudii.

Mzee Makame alikuwa na wake watatu na baiskeli moja ya kukunja, aliyoletewa kutoka Maskati. Baiskeli aliipenda.

Mke mkubwa, Mwanakombo, alikuwa na mikono. Aliikunja na kuikunjua baiskeli ile amefumba macho, kabla konda hajafika kukagua tiketi, maana ndani ya treni baiskeli nzima hairuhusiwi, ila ikikunjwa ni mzigo. Wa pili, Hadia, alikuwa na masikio. Nati ikilegea, yeye ndiye aliyeisikia kwanza. Mdogo, Zulekha, alikuwa na ulimi. Angemsifu mbuzi mpaka akajipeleka mwenyewe machinjioni.

Kila Jumamosi mzee aliwatoa matembezi kwa treni, kwenda asubuhi, kurudi jioni. Wakishuka stesheni ya Kilangala, yeye na baiskeli yake, wao nyuma kwa miguu na mkeka, chupa ya chai na sufuria ya pilau kichwani. Aliyechelewa alikula ukoko. Tiketi zote zilikaa mfukoni mwa mzee. Siku moja Hadia, ana mimba ya miezi saba, alichelewa kurudi stesheni. Mzee akapanda treni, tiketi ya Hadia mfukoni.

"Atajifunza kutembea," alisema.

Hadia alirudi kesho yake. Mimba haikurudi.

Mwanakombo alikwisha kumkimbia mara mbili, na mara mbili kaka zake walimrudisha kwa treni hiyo hiyo, kama kifurushi. Alichokitaka duniani ni talaka yake tu, akazeekee kwa binti yake. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana hakumpa.

Basi Jumamosi moja, pale stesheni, Mwanakombo aliikunjua baiskeli. Komeo la katikati likifungwa husema tak. Siku ile mikono yake ilifika kwenye komeo, ikatulia kidogo, ikaondoka.

Hadia aliingoja ile tak, hakuisikia. Siku nyingine angesema, "Bwana, haijafunga." Siku ile alijifunga kanga upya, akatazama reli.

Nyuma ya stesheni kuna mteremko mkali, na siku zote mzee aliushuka akiikokota baiskeli, kwa woga. Zulekha akamsogelea.

"Vijana wa hapa wanateremka wamepanda baiskeli zao," akasema. "Ila wewe usijaribu, mume wangu. Umri umekwenda."

Mzee akapanda.

Katikati ya mteremko baiskeli ikajikunja sawasawa, kama inavyokaa chini ya kiti cha treni, naye yumo ndani.

Jioni walimpandisha kwenye behewa, kalazwa juu ya mkeka. Konda akauliza, "Na huyu?"

"Mzigo," akasema Zulekha. "Si unaona amekunjwa?"

Nyonga haikuunga. Daktari akasema huyu sasa ni wa kugeuzwa kitandani mpaka mwisho wake. Mzee akamwita nduguye Hamadi awe shahidi, akashika Msahafu, akaapa.

"Mmoja wenu kanifanyia haya. Huyo namwacha leo, talaka zote tatu. Wawili watabaki, mmoja wa kunishika miguu, mmoja wa kunisafisha, mpaka mnizike. Haya, nani?"

Akangoja vilio. Mwanakombo akawahi mbele.

"Ni mimi," akasema. "Komeo sikulifunga. Kwa mikono hii."

"Usimsikilize," akasema Hadia. "Komeo ni la kufunga tu, neno moja lingetosha. Mimi ndiye niliyelimeza hilo neno."

"Angeshuka kwa miguu angekuwa mzima," akasema Zulekha. "Nani alimpandisha? Mume wangu, si ulinisikia?"

"Wewe una miaka miwili humu," Mwanakombo akamwambia. "Mimi thelathini."

"Ndiyo maana umezoea, dada. Kaa."

"Na mimi niliyezika?" akauliza Hadia.

Zulekha akasema, "Talaka tatu, na sisi watatu. Tugawane."

"Hazigawanywi kama maandazi," akasema Hamadi. "Kaapa mmoja."

Haya yote yalisikika hadi nyumba ya tatu, dirisha lilikuwa wazi na watu hawakuwa na kazi. Mzee aliwageukia kwa shingo tu, kiuno hakigeuki, akamtazama mmoja mmoja. Ndipo alipoelewa alichokiapia. Akacheka kidogo.

"Amua wewe, Hamadi. Mimi siendi popote."

Hamadi akatoka barazani kufikiri. Nyuma ya mlango aliona vifurushi vitatu vya nguo, vimefungwa tayari. Akakaa chini, na mpaka sasa hajainuka.

Basi mwamulie. Je, wewe ungemwacha nani: mikono, masikio, au ulimi? Na uamue upesi. Mzee amejilowesha tangu asubuhi, na hakuna aliyesogea.