Kuzama Hata Jiwe Huzama

“Mzamaji hujulikana akiibuka.” Methali hii mmeisikia mchana Bi Zuhura akimwambia yule fundi anayejisifu kwamba ameanza nyumba tatu kwa mwaka mmoja, nanyi mmecheka bila kujua mnachekea nini. Ketini basi, niwaeleze ilivyozaliwa, maana haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Shimoni, kwa watu waliotoka bara, mke na mume.

Mume aliitwa Lusweti, mwalimu wa michezo huko Bungoma, mtu wa kifua kipana na kicheko kikubwa. Mkewe, Nafula, alikuwa mshonaji. Walikuja kupumzika wiki moja kwa kutimiza miaka ishirini ya ndoa, na ni Lusweti aliyetaka wajifunze kuzamia. Nafula alikulia karibu na mto ambao mama yake aliwakataza hata kuuchungulia. Aliogopa maji yanayompita magoti. Hata hivyo alikubali, kwa sababu miaka ishirini si haba, na hakutaka mumewe akaone peke yake mambo ambayo angeyasimulia maisha yake yote.

Mwalimu wao alikuwa Feruzi, mtu wa kisiwa cha Wasini, mpole, mwenye mvi chache kidevuni. Kwa siku nne aliwafundisha kwenye maji mafupi. Lusweti alikuwa akijua kabla hajaambiwa. Nafula alirudia kila zoezi mara tatu, mara nne: kuvua kipumulio mdomoni na kukirudisha, kutafuta kwa mkono kile cha pili cha akiba, cha rangi ya manjano, kinachoning'inia kifuani.

“Mwache tu, mwalimu,” Lusweti alikuwa akisema huku akicheka. “Huyu hata kwenye beseni atataka kamba.”

Nafula naye alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

Siku ya tano wakapelekwa kwenye matumbawe. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na jua liliyapenya mpaka chini. Feruzi aliwaambia watashuka mita kumi na nane, wasizidi, na kwamba kila akiuliza hewa wamwonyeshe kipimo cha hewa iliyobaki mtungini. Lusweti akashuka kichwa mbele. Nafula alishuka akiishika kamba ya nanga, shibiri kwa shibiri, Feruzi akiwa ubavuni pake.

Kisha akafumbua macho vizuri, na hofu ikamtoka kidogo kidogo. Samaki wa manjano walimpita kama vitambaa vilivyopeperushwa. Matumbawe yalikuwa na mikunjo ambayo yeye mshonaji hakuwahi kuiona kwenye nguo yoyote. Alijisikia akipumua, ndani, nje, taratibu, akashangaa kwamba sauti ile ya utulivu ni yake mwenyewe.

Hapo akapita kasa mkubwa. Lusweti akamfuata. Kasa akateremka ukingo wa mwamba, naye akateremka vivyo hivyo akipiga mapezi ya mpira ya miguuni kwa nguvu zote. Feruzi aligonga mtungi wake kwa chuma, ngo, ngo, ngo, mpaka akageuka na kurudi, mabega yakipanda na kushuka. Feruzi akamwuliza kwa mkono: hewa? Lusweti hakutazama kipimo. Aliunganisha kidole na gumba: sawa.

Hakikuwa kiburi tu, wanangu. Kulikuwa na aibu ndani yake, na aibu chini ya maji ni mzigo mzito kuliko vipande vya risasi ambavyo mzamiaji hujifunga mkandani ili azame.

Feruzi akatangulia kuwarudisha kwenye kamba. Hawakwenda mbali. Nafula alihisi amevutwa mkono, akageuka. Mumewe alikuwa akijipitishia kiganja shingoni, macho yamejaa miwani. Hewa imekwisha. Na kabla hajajibu, Lusweti akainua uso juu na kuanza kupiga mapezi aibuke mbio, jambo ambalo Feruzi aliwaonya kwamba hupasua mapafu.

Nafula akamdaka mkanda wa jaketi la kuzamia, akamng'ang'ania. Akanyoosha mkono kumpa kipumulio cha manjano. Lusweti hakukiona, kikamponyoka Nafula mkononi. Alimnyang'anya kile kilichokuwa mdomoni mwake.

Maji ya chumvi yakamgusa Nafula ulimi. Kwa muda mfupi kila alichokatazwa na mama yake kilikuwa pale, mdomoni. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kufanya zoezi lile mara nyingi. Uliitafuta rangi ya manjano, ukaileta mdomoni, akapuliza maji yatoke, akapumua. Kisha akamshika mumewe mikanda yote miwili, akamtazama usoni, akapumua polepole ili amwige. Feruzi alipogeuka na kuwafikia, aliwakuta wanapumua pamoja.

Wakapanda hivyo, uso kwa uso, mwalimu akiwashika wote wawili. Walipofika mita tano, Feruzi akawasimamisha dakika tatu ili miili izoee. Tumbo la mashua lilionekana, na jua juu yake. Lusweti alitaka kwenda. Nafula alitikisa kichwa, hakumwachia, mpaka Feruzi alipoonyesha kidole juu.

Mashuani Lusweti alivua miwani, akakaa. Kisha akamwuliza mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao, “Mama Simiyu, mimi nilikunyang'anya hewa yako?”

“Uliichukua, Baba Simiyu. Mimi nilikuwa na nyingine.”

“Hukukasirika?”

“Niliogopa. Hasira ningeitoa wapi kule chini?” Akamfunika taulo mabegani. “Lakini usiniambie tena sawa kama si sawa. Wala mwalimu usimwambie.”

Lusweti akauficha uso wake kwenye taulo, akalia. Nafula akamwacha alie, mkono wake ukiwa mgongoni mwa mumewe.

Gatini walikuwepo watu wa mashua nyingine, na mmoja akauliza kwa mzaha, “Haya, leo mzamaji nani? Aliyekwenda chini sana nani?”

Wote walimtazama Lusweti, maana walimjua kwa majigambo yake. Yeye akasimama.

“Chini sana nilikwenda mimi,” alisema. “Lakini kama si huyu, msingeniona. Mzamaji ni huyu.”

Nafula aliinama, hakujua aweke wapi macho. Feruzi, aliyekuwa akishusha mitungi, akanyanyua kichwa.

“Kuzama hata jiwe huzama, bwana,” alisema. “Mzamaji hujulikana akiibuka.”

Watu wa gatini wakaliokota neno hilo, wakalipeleka sokoni, likaingia majumbani. Leo huambiwa aanzaye kazi kwa kishindo, na anayeingia safarini bila kufikiria kurudi. Lakini nyinyi mkilisema, msilitumie kumcheka mtu tu. Mkumbukeni pia mwanamke aliyetiwa maji mdomoni na mtu ampendaye, na hakumwachia. Mzamaji hujulikana akiibuka.