Ramani Iliyofungiwa, na Zamu Moja ya Maji

Hapo zamani, na usinikunjie uso, maana hii si zamani ya fisi kuposa. Ni zamani ya juzijuzi, simu mnazo mikononi na umeme unakatika kama kawaida yake. Basi hapo zamani hiyo, katika mji mdogo chini ya milima ya Upare, walikuwepo mafundi watatu wa kompyuta. Walipanga chumba kimoja chenye feni moja, na ile feni ilikuwa na kelele kuliko wateja.

Wa kwanza aliitwa Mrindoko, mtu mzima mwenye mvi na ubishi. Ukimwambia leo kuna jua, anatoka nje kuhakikisha. Wa pili aliitwa Nakiete, mwanamke wa haraka, mkono wake hufika kabla ya wazo. Wa tatu aliitwa Kallaghe, mtanashati, shati limenyooka hata siku ya vumbi, na wenye pesa walimpenda naye akapenda kupendwa.

Walitengeneza mashine za watu, waliweka programu, lakini kilichowalisha hasa ni kuchora ramani. Programu ya kuchorea walikuwa wameinunua zamani, imo ndani ya boksi, na sahani yake ya CD inang'aa kama kioo cha bibi harusi. Ukishanunua ni yako, kama jembe. Jembe halikuamshi asubuhi kukuuliza kama mwezi huu umelilipia.

Halafu Kampuni yenye ile programu, huko iliko, ikageuka. Ikasema: Hatuuzi tena, sasa tunapangisha. Kila mwezi mlipe kodi. Anayetaka toleo jipya abofye Kubali.

Mrindoko akasema, "Mimi nipange jembe langu mwenyewe? Sibofyi." Akachomoa waya wa intaneti kwenye mashine yake, akaufunga fundo, akautupa juu ya kabati. Watu wakamcheka. Mashine ile wakaiita marehemu.

Nakiete akabofya. Alibofya kabla hajamaliza kusoma, kwa sababu yale maelezo yalikuwa marefu kuliko mahubiri ya Ijumaa Kuu. Na kweli toleo jipya lilikuwa zuri. Ila ramani zake hazikukaa tena kwenye mashine yake. Zilikwenda kukaa kwa Kampuni, mahali wanapopaita wingu. Wingu gani hilo lisilonyesha, mimi sijui.

Kallaghe hakuhangaika. Chini ya mlima kulikuwa na shamba kubwa la maua ya kupeleka Ulaya. Lilimwajiri aangalie kompyuta zao, likamlipia leseni ya ile programu, yake peke yake. Akaendelea kukaa chumba kimoja na wenzake, lakini alikaa kama mgeni aliyeshiba kwao.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye maji.

Juu mlimani watu wana ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe, waliloachiwa na mababu zao. Usiku maji ya chemchemi yanajaa humo; asubuhi mwenye zamu anazibua, yanashuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Kila mwenye zamu ana siku yake. Na kila mwenye siku yake huenda na jembe kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Hakuna ndiva, hakuna maharage, hakuna vitunguu, na watu watahama.

Shamba la maua likaitamani ile chemchemi. Likaomba kibali liweke bomba juu kabisa, kabla maji hayajafika kwenye ndiva. Likasema: hapo hapana chemchemi ya mtu, ni unyevunyevu tu wa msitu.

Ofisi ya maji ikapanga siku ya kusikiliza pande zote mbili. Ikasema: kila upande ulete ramani yake kwa kompyuta, ya toleo jipya, maana programu yetu ya kutazamia inasoma hilo tu. Karatasi hatupokei.

Mlinzi wa ndiva alikuwa mwanamke, Mama Senzighe, mfupi, sauti yake inavuka bonde. Hakuwa na wasiwasi. Miaka ya nyuma Mrindoko alishawachorea ndiva na mfereji wote, kona kwa kona, kazi iliyokula msimu mzima wa mvua. Baadaye Nakiete akapanda peke yake hadi juu, akapima chemchemi yenyewe, akaiongeza kwenye nakala ya ramani ile, aliyokwisha kuipandisha iwe ya toleo jipya. Kwa hiyo ramani ilikuwa imekamilika, na ilikuwa huko kwenye wingu.

Kampuni nayo ikachagua wakati huohuo kukaza masharti. Nakiete akapiga simu, sauti ameiweka hadharani, wenzake wanasikia.

"Mpendwa mteja, karibu."

"Dada, nimeona mmebadilisha. Sisi tuko watatu."

"Kifurushi kipya kinaanzia viti vitano, yaani watumiaji watano, mpendwa mteja."

"Na hivyo viwili atakaa nani?"

"Mnaweza kuviacha wazi."

"Yaani tulipie viti vya hewa kukalia?"

"Je, kuna jambo lingine la kukusaidia leo?"

"Lipo. Nipe mkubwa wako."

Akawekewa muziki. Muziki ukapigwa mpaka salio likaisha.

Nakiete akageukia wenzake. "Kaka Mrindoko, tuchange. Kesi ya ndiva imekaribia."

"Sitoi," akasema Mrindoko. "Ukimlipa anayekufungia mlango, kesho atakufungia na dirisha. Sitoi hata kidogo."

"Kallaghe?"

"Mimi ninayo ya shamba, dada. Nilipe mara mbili?"

Nakiete peke yake hakuweza. Siku moja kabla ya kesi, asubuhi, kufuli likashuka. Ramani ilionekana kwenye skrini, imenyooka, imependeza, na juu yake maneno: Unaweza kutazama. Huwezi kuhifadhi, kuchapa wala kutuma.

Mama Senzighe akaja mbio, kanga imelegea. Akatazama ile skrini. "Si hii hapa? Naiona!"

"Unaiona mama, lakini haitoki."

"Nani kaifungia?"

"Kampuni."

"Kampuni imewahi kupanda mlima huu? Imewahi kushika jembe kwenye mfereji wangu?"

"Hapana, mama."

"Basi itoeni! Au niwaambie watu waanze kufunga mizigo?"

Hapo Mrindoko akainuka. Akaifuta vumbi ile marehemu yake, akaiwasha. Ikakohoa, ikawaka. Ndani yake ulikuwemo mfereji wote, kona kwa kona, na ndiva yenyewe. Chemchemi tu haikuwemo.

Nakiete akakaa mbele ya skrini iliyofungwa. Kutazama aliruhusiwa, basi akatazama hasa. Alisogeza kipanya juu ya kila alama ya chemchemi, namba zikajitokeza, akazisoma kwa sauti, na Mrindoko akazigonga kwenye marehemu. Soma, gonga. Soma, gonga. Wakikosea wanatukanana, halafu wanarudia. Mpaka chemchemi ikakaa mahali pake, ikaungana na mfereji.

Lakini ile ilikuwa ramani ya toleo la zamani. Ofisi ya maji isingeifungua. Ilihitaji mtu mwenye leseni hai aipandishe iwe ya toleo jipya. Katika mji ule wote, leseni hai ya programu ile ilikuwa moja tu, na ililipiwa na shamba la maua.

Wote wakamgeukia Kallaghe.

Kallaghe akasema, "Msinitazame hivyo. Mnajua mnaniomba nini? Kila ramani inayopita kwenye leseni ile inapigwa jina la shamba pembeni. Watajua kabla sijafika mlangoni."

Mama Senzighe akasema, "Hatukuombi, baba. Tunakutazama tu. Si wameruhusu kutazama?"

Kallaghe akavuta kiti. Akafungua mashine yake, akaichukua ramani kwa Mrindoko, akaipandisha, akaiweka kwenye flashi. Akampa Mama Senzighe mkononi.

Siku ya kesi ramani ikawekwa ukutani, watu wote wanaona. Wakili wa shamba akaruka kama aliyekalia siafu. "Mheshimiwa! Tazama pembeni! Jina letu hilo! Imepitishwa kwenye leseni yetu! Huu ni wizi!"

Ofisa wa maji, mama mmoja mwenye miwani mizito, akamwambia, "Habari ya leseni kashtaki unakojua. Mimi nauliza maji. Chemchemi ipo pale au haipo?"

Wakili akamgeukia mpima wa shamba lao. Mpima akatazama viatu vyake. "Ipo," akasema. "Hata sisi tuliikuta."

Shamba likanyimwa kibali. Watu wakapiga vigelegele mpaka miwani ya ofisa ikashuka puani. Na palepale, mbele ya watu, meneja wa shamba akanyoosha kiganja, Kallaghe akatoa funguo za ofisi, akazirudisha.

Mngependa niishie hapo, sivyo? Mshangilie, mkalale. Siishii hapo.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyehama kwenda kukaa na mwanawe Tanga, na zamu yake ya maji ikabaki haina mtu. Watu wa ndiva wakasema: zamu hii ni ya aliyetuokoa. Wale mafundi wote walikuwa na vishamba chini ya mfereji, vikavu kama kisigino changu, na ufundi wenyewe ulishakuwa haulishi tena kwa kodi zile. Anayepata maji anabaki. Anayekosa afunge mzigo akajaribu kwingine.

Wakakutana baada ya msaragambo, majembe bado yana tope. Mama Senzighe akasimama juu ya ukingo wa ndiva. "Haya, semeni. Na semeni kwa ufupi, jua linaniwakia."

Mrindoko akasema, "Mliicheka mashine yangu, mkaiita marehemu. Siku ya shida mlimwendea nani? Bila mfereji wangu mngepeleka tone la chemchemi kwenye ukuta mweupe. Nilikataa kupangishwa, na kukataa kwangu ndiko kulikowaokoa."

Nakiete akamrukia. "Kukataa kwako? Kaka Mrindoko, ungetoa mchango wako kufuli lisingeshuka kabisa! Umetufungia mlango, umetupitisha dirishani, sasa unataka tukushukuru kwa dirisha!"

"Na nani alibofya Kubali? Mimi?"

"Mimi! Nilibofya, tena nasema mbele ya watu. Lakini nani alipanda kule juu? Kiatu kiliachia soli, nikashuka mguu mmoja peku. Wewe ulichora mfereji, mimi nilipima chemchemi, na kesi ilikuwa ya chemchemi. Na walipoifungia, niliinyonya namba kwa namba kupitia tundu la kitasa cha mlango wao. Nani mwingine alikuwa nayo?"

Kallaghe akasema taratibu, "Mmemaliza? Mzee Mrindoko bado una mashine yako. Dada Nakiete, wateja wako wawili watatu bado unao. Mimi nimepoteza nini, nani hajaona? Nyie mlitoa kazi. Mimi nimetoa riziki yangu."

Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, jembe begani, "Riziki ya nani? Ulikula kwao asubuhi, mchana ukawageuka! Kesho si utatugeuka sisi?"

"Ningenyamaza ungeniitaje, shangazi?"

"Ningekuita mtu wa shamba. Angalau ningejua jina lako!"

Watu wakacheka. Mrindoko akaongeza, "Tena ile leseni hukupewa kwa ajili yetu. Mimi sibofyi vya watu na wala situmii vya watu. Ule ulikuwa wizi."

Nakiete, aliyekuwa akigombana na wote, akamgeukia Mrindoko. "Wizi? Na anayekalia ramani yangu niliyoipima kwa miguu yangu, huyo anaitwaje? Mteja mpendwa?"

Hapo ubishi ukawaka kila upande. Mmoja akasema wagawane. Mama Senzighe akamwambia, "Wewe umewahi kushika jembe kweli? Maji ya ndiva moja ukiyakata mara tatu, yanakufa mchangani kabla hayajafika kwa yeyote." Mwingine akasema wapokezane, huyu wiki hii, yule wiki ijayo. Mama Senzighe akamwambia, "Kitunguu kikisubiri zamu ya wiki tatu, utavuna maganda. Nataka jina moja."

Na mimi nataka jina moja. Msinijie na kile kijibu chenu cha shuleni, kwamba wote wamestahili. Huko ni kuogopa kukosana na watu, na mimi kukosana na watu sijawahi kuogopa.

Yupo Mrindoko, aliyeuzuia mkono wake usitoe mchango ndipo kufuli likashuka, na mkono huohuo ukawa ndio pekee uliohifadhi mfereji. Yupo Nakiete, aliyewakabidhi watu wa mbali ramani ya kwao kwa kidole kimoja, kisha akaichomoa humo chemchemi walipokuwa wameshamfungia. Yupo Kallaghe, aliyekaa upande wa wanaotaka kuwanyang'anya wenzake maji, akatumia kilicho chao kuwashinda, akaondoka mikono mitupu.

Bwawa limejaa, maji yanamwagika ukingoni, na Mama Senzighe ameinama ameshika kizibo, hataki kungoja.

Je, nani aende kuzibua?