Kibuyu cha Mama Kilichomwagwa Ziwani

Kaeni vizuri. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka, usinikalie katikati. Nina ndugu watatu wa tumbo moja ambao nimeshindwa kuwaamulia, ndiyo maana nimewaletea nyinyi mnaojifanya wajuzi.

Wote watatu walifanya kazi kwenye meli moja ya abiria, Ziwa Viktoria. Mkubwa, Kagemulo, alikuwa na pua. Simaanishi pua ya kupengea, hiyo hata wewe unayo. Pombe uifunge kwenye chupa, chupa kwenye nguo, nguo kwenye sanduku, dada huyo akipita tu anakuambia hii ya mtama, ile ya ndizi.

Wa kati, Rwegasira, alikuwa na mkono. Akishashika jambo la haki haliachii: humhongi, humlilii, humtishi.

Mdogo wao wa kike, Kokugonza, alikuwa na ulimi. Mtu aje kwake amefura kwa hasira, baada ya kitambo unamkuta anamsimulia habari za wajukuu.

Kwao ni kisiwa cha Nyarubere. Meli ilikipita kwa mbali, haikutia nanga, na kufika huko kwa njia nyingine kulitaka ruhusa ya siku nyingi. Basi kila safari walisimama ukingoni wakaitazama migomba ya kwao ikipita, wakameza mate, wakarudi kazini. Miaka ikaenda hivyo. Mpaka siku mama yao alipotuma maneno: "Macho yangu yanaingia giza. Nimewakumbuka wanangu mpaka naumwa. Nataka niione sura yenu kabla sijabaki kuwapapasa."

Wakamwendea mwenye meli, mzee Bitegeko, kuomba ruhusa. Naye alikuwa na donda lake. Abiria mmoja mlevi alitumbukia majini kutoka meli ile, hakuonekana tena. Tangu hapo mzee alipiga marufuku pombe, kuinywa hata kuibeba. Lakini marufuku yenyewe iliwabana wa deki ya chini tu. Juu, daraja la kwanza, wakubwa walimimina wiski kutoka kwenye chupa za chai. Wa chini walijua, nao wakaficha za kwao.

"Nipeni safari moja," mzee akasema. "Ifike bandarini hakuna aliyekunywa, juu wala chini. Nitamruhusu mmoja wenu aende kwa mama. Mmoja. Nikiwaachia watatu, meli haitang'oa nanga."

Safari ikaanza. Kagemulo akapita deki ya chini, akafika kwenye kikapu cha dagaa, miguu ikagoma. Chini ya dagaa palikuwa na lubisi, pombe ya ndizi, na aliijua ilikotoka. Lilikuwa jiko la mama yake. Mwenye kikapu alikuwa jirani yao wa kisiwani, Mama Byera, aliyevuka kwa mtumbwi kuja kupanda meli. Akamnong'oneza, "Mwanangu, hiki kibuyu ni chenu. Mama yenu amezikamua ndizi kwa kupapasa. Kasema mlowanishe koo, mjue bado yupo." Hakuna mwingine aliyejua. Angenyamaza, nani angemuuliza? Kagemulo alilia, akajifuta kwa kanga, kisha akasema kwa sauti, "Kaka, hapa kuna pombe."

Rwegasira akakitoa kibuyu. Deki nzima ikasimama. Mzee mmoja akamwambia, "Onja hata tone, baba. Ya mama haikataliwi." Rwegasira alitamani, jamani, alitamani mno. Akajibu, "Nikionja mimi, kila mtu hapa ataonja." Akaimwaga yote ziwani, mpaka tone la mwisho.

Hapo watu wa chini wakaanza kunung'unika. "Na wale wa viti vya sponji? Au yao ni maji ya baraka?" Wengine mikono ilishaingia mabegini. Bado kidogo tu chupa zitoke na safari iharibike.

Kokugonza akapanda juu. Mzee Kalumuna, tajiri wa kahawa, alikuwa ameshika chupa yake ya chai, hajaifungua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii ni chai, binti."

"Sikuja kubishana na chai, baba. Mama yako yupo?"

"Tulishamzika."

"Wangu yupo. Tumetoka kuimwaga pombe aliyotukamulia kwa mikono, naye haoni vizuri. Sina nguvu ya kukunyang'anya. Nakuomba ushuke, uimwage mwenyewe, wenzako wa chini wakuone."

Kalumuna akainamisha kichwa. Kisha akashuka na chupa yake, akaimwaga mbele ya wote, na wenzake wa juu wakamfuata na za kwao. Mikono ikatoka mabegini mitupu, na meli ikafika hakuna aliyekunywa.

Mzee Bitegeko alikuwa bandarini. "Ahadi ni deni," akasema. "Nani anakwenda?"

Msidhani walisukumiana kwa adabu. "Nakwenda mimi," alisema Kagemulo. "Ningenyamaza, kibuyu kingepita."

"Nakwenda mimi," alisema Rwegasira. "Pua ilijua, lakini nani aliyemwaga?"

"Nakwenda mimi," alisema Kokugonza, tayari analia. "Mngemwaga bure, kama wa juu angekunywa."

Wakageuka kumtazama mzee, na mzee akawatazama wao. Kila mmoja wa wale watatu alisema kweli.

Sasa nanyi msiniletee ujanja wa kusema waende wote. Mzee kasema mmoja. Wala msiniambie kura, kura ni ya watu wavivu wa kufikiri. Atakayekwenda leo mama atamwona. Watakaokwenda baadaye watapapaswa.

Je, wewe ungemtuma nani akaonwe na mama yake, na wale wawili ungewaambia nini?