Binti za Dume Jeusi

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja mwenye ng'ombe mmoja, na ng'ombe mwenyewe alikuwa mchoyo: lita mbili asubuhi, moja jioni, basi. Watoto wa nyumba ile walikunywa chai ya rangi huku ng'ombe amesimama uani. Mama akaapa moyoni kwamba ndama ajaye atajaza ndoo. Alijua kwamba akikosea dume, atalisha miaka mitatu ndipo agundue kosa lake.

Jirani yake, mzee wa kanisa, alikuwa na dume jeusi. Na lilikuwa dume kweli! Shingo nene, ngozi inang'aa, watu wanakuja kulipiga picha.

"Mlete ng'ombe wako, mama. Bure kabisa."

"Ahsante, mzee wangu. Binti zake wanakamuliwa lita ngapi?"

Mzee akakunja uso. "Dume limesimama mbele yako, unaniuliza habari za binti?"

"Dume silikamui, mzee."

Mama hakubishana zaidi. Alibeba ndoo yake, akazunguka kijiji saa za kukamua, kila nyumba yenye ng'ombe aliyezaliwa na lile dume. Huku ng'ombe anapiga mateke. Kule amekauka maziwa mwezi wa nne tu baada ya kuzaa. Mama alirudi na ndoo tupu, lakini ameshaamua. Akamwita bwana mifugo, akaja na mbegu ya dume ambalo hakuna aliyewahi kuliona, pamoja na karatasi yenye hesabu ya maziwa ya binti zake. Kijiji kikacheka: "Ameozesha ng'ombe kwa karatasi!" Iliuma, nawaambieni. Mama akaendelea kukata majani.

Alizaliwa ndama jike, akakua, naye akazaa. Wiki ya pili ndoo ilijaa mpaka mama akaagiza sufuria. Mzee wa kanisa akaja kujionea.

"Ulijuaje, mama?"

"Niliwaendea binti, mzee wangu."

Mzee akarudi kwake. Kabla hajafika mlangoni alimsikia mkewe akicheka na binti yao. Binti alipomwona baba, kicheko kikakatika, akainuka akaingia ndani. Miaka yote mzee alidhani ile ni heshima.

Na sisi je? Jumapili tunapendeza. Suti zimepigwa pasi, sala zetu zinatikisa mabati, wageni wanasema hapa kuna watu wa Mungu. Lakini nani amewahi kunywa suti? Naanza na mimi mchungaji wenu: leo sitaki mnisifu kwa mahubiri, nendeni mkamuulize mke wangu.

Tuamue leo hii kuanzia nyumbani, ndugu zangu. Maana kesho alfajiri yule mama atabisha hodi kwako, wewe ukiwa umetoka. Hatauliza unavyosali. Atawanyooshea ndoo watu wa nyumbani mwako. Watamjazia nini?