Samli Machoni pa Baba

Mtu mmoja wa Tanga, jina lake Shekue, alikuwa na binti mmoja na simu mbili. Mpya aliitumia yeye. Ya zamani alimpa binti, Mwanaidi, ili nyumba ipate utulivu. Na utulivu ukapatikana. Tangu alasiri hadi magharibi baba na mwana walikaa kochi moja, kila mmoja kainamia yake.

Ikafika siku macho ya Mwanaidi yakawa mekundu, yanawasha, na kichwa kinamgonga. Hospitali wakampa dawa ya matone, wakamwambia baba apunguze simu. Habari ya matone Shekue aliisikia. Ya simu hakuisikia, maana alikuwa anajibu ujumbe.

Nafuu ilipokawia, akampeleka kwa Bi Hansa, mama wa Kihindi anayetibu kwa Ayurveda, tiba ya kale ya kwao. Bi Hansa akamkagua mtoto, akamuuliza simu kapewa na nani. Kisha akakanda unga wa choroko, akapasha samli ikawa vuguvugu, akamwambia Shekue avue kofia, alale mkekani.

"Mgonjwa ni mtoto," Shekue akasema.

"Najua. Naanza na aliyemwambukiza."

Shekue alikuwa mtu wa heshima zake, lakini alilala. Akafumba macho, akazungushiwa ukuta wa unga kila jicho, samli ikamiminwa juu ya kope. Nusu saa asitikisike. Simu ikalia mfukoni mara tatu, na kila alipopeleka mkono samli ilimtiririkia masikioni. Ya nne akaiacha ilie.

Ndipo akasikia mtu anaongea. Alikuwa Mwanaidi. Alikuwa akimwambia Bi Hansa, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba tangu Ramadhani haoni ubaoni, ananakili kwa Zuhura wa dawati lake, na Zuhura mwenyewe hesabu hajui. Alikwisha kumwambia baba mara nyingi, na kila mara baba alijibu, "Vizuri sana, mwanangu."

Shekue alitaka kulia, akaogopa kumwaga samli.

Wiki ile ile mtoto akapimwa, akapewa miwani. Simu zote mbili sasa hufungiwa kabatini alasiri, na wawili hao huenda uwanja wa mpira kutazama mbali, kama alivyoagiza Bi Hansa. Macho yanapona polepole.

Nanyi wazazi mnaotafuta dawa ya watoto, kwenu alazwe nani kwanza?